Yadi 728 za Ron Dayne: Nani Mwenye Mamlaka ya Kuhesabu?

Mwanafunzi wa darasa la tatu akiulizwa ipi ni namba kubwa kati ya 7,125 na 6,405, hatasita kujibu. Hata hivyo, katika kumbukumbu rasmi za michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, mchezaji aliyekimbia yadi 6,405 ndiye anayeshika rekodi, na aliyekimbia yadi 7,125 ameandikwa chini yake. Hakuna aliyekosea kujumlisha wala aliyeghushi. Kanuni ya kuhesabu ilibadilishwa, na waliotangulia kabla ya mabadiliko hayo wakaachwa walipokuwa.

Nimeona kisa hiki kinastahili kujadiliwa hapa, ingawa ni cha mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii. Wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma tunaishi kwa takwimu. Tunaziandika, tunazitetea, tunazipinga, na mara nyingine tunahukumiwa kwazo. Ni vyema tukajifunza kuuliza, kabla ya kuamini namba yoyote: nani aliamua kipi kihesabiwe?

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Kandanda ya Kimarekani huchezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Timu inayoshambulia hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi, na ikifaulu hupewa nyingine nne. Mchezaji ninayemzungumzia ni yule anayekabidhiwa mpira mkononi, kisha akajipenyeza nao katikati ya miili ya watu wenye kilo mia na zaidi, mpaka aangushwe. Kila yadi anayosogea, ambayo ni sentimita 91 hivi, huandikwa kwa jina lake. Jumla ya yadi hizo kwa miaka yake ya chuo ndiyo wasifu wake.

Ron Dayne alichezea Chuo Kikuu cha Wisconsin kuanzia mwaka 1996 hadi 1999. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida lakini mwenye kilo zaidi ya 110, na kumwangusha kulihitaji watu kadhaa. Novemba 1999 aliipita rekodi ya Ricky Williams wa Texas, yadi 6,279, iliyokuwa imewekwa mwaka mmoja tu kabla. Alimaliza akiwa na yadi 6,397, na mwaka huohuo akatunukiwa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa kandanda wa vyuo.

Namba hiyo ya 6,397, hata hivyo, haikuwa yote. Mwisho wa kila msimu, timu zilizofanya vizuri hualikwa kucheza mechi moja ya ziada dhidi ya timu ya eneo jingine la nchi, na mashuhuri zaidi kati ya mechi hizo za mwaliko ni Rose Bowl ya California. Timu ya Dayne ilialikwa katika misimu yake yote minne. Mwishoni mwa 1996 alikimbia yadi 246 dhidi ya Utah. Januari 1998 alipata 36 tu dhidi ya Georgia. Januari 1999, katika Rose Bowl, alipata tena 246 dhidi ya UCLA, na Januari 2000, katika uwanja huohuo, akapata 200 dhidi ya Stanford. Jumlisha mwenyewe: ni yadi 728. Ukiziongeza kwenye 6,397 unapata 7,125.

Yadi hizo 728 hazimo katika jumla rasmi. Wakati huo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, kilizichukulia mechi za mwaliko kuwa nyongeza tu. Kuanzia msimu wa 2002 chama kilibadili msimamo, na kila kilichofanywa katika mechi hizo kikaanza kuhesabiwa. Yaliyofanywa kabla ya hapo hayakuongezwa.

Miaka 14 baadaye akatokea Donnel Pumphrey wa Chuo Kikuu cha San Diego State, kijana mwembamba aliyekulia Las Vegas. Aliingia katika mechi yake ya mwisho, Desemba 2016, akihitaji yadi 108 ili ampite Dayne. Alipata 115 na kufikisha 6,405, yaani yadi nane zaidi ya zile 6,397. Mechi hiyo ilikuwa ya mwaliko. Kwa maneno mengine, Pumphrey aliivunja rekodi ndani ya mechi ya aina ileile ambayo Dayne alinyimwa hesabu yake mara nne.

Simlaumu Pumphrey hata kidogo. Alibeba mpira mara 1,059, na kwa kila mara alisogea wastani wa yadi sita, wastani unaoupita ule wa Dayne. Hakuiandika kanuni, aliikuta. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alicheza kwa sheria za siku zake na akashinda kwa sheria hizo. Lawama yangu naielekeza kwa mwenye daftari.

Mtetezi wa NCAA anaweza kunijibu kwamba si kila timu ilipata mwaliko, hivyo kuzihesabu mechi hizo kungewapendelea wachezaji wa timu kubwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama ilikuwa sahihi kabla ya 2002, ilikuwa bado sahihi baada ya 2002, kwa maana hata leo si kila timu hualikwa. Anaweza pia kudai kwamba hatuwezi kuyafukua yote ya zamani. Kwa mechi za mashambani za miaka ya 1920 ningekubali. Lakini mechi mbili za Rose Bowl alizocheza Dayne zilihudhuriwa na watu zaidi ya 90,000 kila moja, zikarushwa na televisheni nchi nzima, na kila yadi ikaandikwa siku hiyohiyo. Ushahidi upo. Kinachokosekana ni utashi.

Hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa cha michezo tu. Mechi hizo hizo, zilizoitwa za ziada kwa upande wa mchezaji, hazikuwa za ziada kwa upande wa mapato. Tiketi zake ziliuzwa, haki za kuzitangaza ziliuzwa, na fedha zikaingia katika hesabu za vyuo na waandaaji bila mtu kusema kwamba ni fedha zisizo rasmi. Mchezaji wa enzi hiyo hakuruhusiwa kulipwa mshahara. Alichopata ni ada ya masomo, malazi na chakula. Malipo mengine yaliyobaki kwake ni jina na takwimu zake. Na hizo nazo, katika mechi zilizoingiza fedha nyingi kuliko nyingine, hazikuhesabiwa.

Wala Dayne si peke yake. Mwaka 1988 Barry Sanders wa Oklahoma State alikimbia yadi 2,628 katika mechi 11, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa hadi leo. Mechi ya mwisho kati ya hizo ilichezwa Tokyo, ng'ambo ya bahari, naye akapata yadi 332 zikahesabiwa zote. Wiki chache baadaye, huko San Diego, alipata 222 dhidi ya Wyoming katika mechi ya mwaliko, na hizo hazikuhesabiwa. Kwa hesabu ya leo angekuwa na 2,850. Kisha, Desemba 31, 2024, Ashton Jeanty wa Boise State aliingia katika mechi ya 14 ya msimu wake akihitaji yadi 132 ili ampite Sanders. Alipata 104 na kumaliza na 2,601. Angepata yadi 28 zaidi, tungeambiwa kwamba rekodi ya miaka 36 imevunjwa, ilhali namba halisi ya Sanders ingekuwa bado mbele kwa zaidi ya yadi mia mbili.

Kuna atakayeniuliza: inamsaidia nini mtu mzima kugombania yadi za ujanani? Tukumbuke kwamba mwili wa mchezaji wa nafasi hii huchakaa mapema. Wengi hawafiki mbali baada ya chuo. Pumphrey mwenyewe aliajiriwa na timu ya Philadelphia mwaka 2017, akaumia, na hakuwahi kucheza hata mechi moja rasmi ya NFL. Kwa mtu kama huyo, miaka minne ya chuo ndiyo karibu kazi yake yote, na namba iliyo mbele ya jina lake ndiyo pensheni yake ya heshima. Ndiyo maana sidai avuliwe rekodi. Kumnyang'anya mmoja ili kumlipa mwingine hakutengenezi haki.

Ninachodai ni kidogo, na hakina gharama. Kitabu cha kumbukumbu kiandike namba zote mbili, pamoja na tanbihi inayoeleza kwa nini zinatofautiana. Msomaji akiona 6,405 na 6,397, aone pia 7,125, kisha aamue mwenyewe.

Kurudi nyuma si jambo lisilowezekana, kama tunavyoaminishwa. Juni 2025 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliidhinisha makubaliano ambayo yanaitaka NCAA na washirika wake kulipa takriban dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa vyuo waliocheza tangu 2016 na kuzuiwa kunufaika kwa majina yao. Kina Dayne na Sanders hawamo, kwa kuwa mstari umechorwa mbele yao. Lakini funzo ni kwamba chama kilichosema miaka mingi kwamba yaliyopita yamepita, kilipofikishwa mahakamani kiliweza kuyafungua mafaili ya zamani na kuyalipia kwa fedha. Kuyafungua ili kuongeza tanbihi kungekuwa kazi ya mchana mmoja.

Kwa wanaoshika madaftari ya umma, ombi langu ni hili. Kubadili kanuni ya kuhesabu si kosa. Elimu hukua na vipimo huboreshwa. Kosa ni kubadili kipimo, kisha kulinganisha ya jana na ya leo kana kwamba yalipimwa kwa rula moja. Anayefanya hivyo huenda asiseme uongo hata kwa tarakimu moja, na bado akamdhulumu mtu. Basi kila mnapobadili kanuni, andikeni tarehe ya mabadiliko, andikeni sababu, na pale ushahidi wa zamani unapopatikana, rudini mkawahesabu upya waliotangulia.

Na kwa wanafunzi wangu: mkikutana na jedwali, msianzie kwenye safu ya kwanza. Anzeni kwenye tanbihi, na isipokuwepo, ulizeni ilikwenda wapi.