Barafu ya ncha za dunia na maji ya Ngagara

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024, hapa Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, kuna madai matatu yanayostahili kujibiwa kabla ya masika mengine.

Eti barafu ya ncha za dunia imeyeyuka, maji yakaja kuingia ziwani. Haiwezekani. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Ni maji yake yanayoshuka, kwa mto Lukuga pale Kalemie, hadi mto Kongo na Atlantiki.

Wengine husema ncha ziko mbali, hazituhusu. Ushahidi wa kuwapinga umelala chini ya ziwa hilihili. Mwaka 2008, Jessica Tierney na wenzake walichapisha uchunguzi wa matope ya sakafu ya Tanganyika, yaliyohifadhi historia ya miaka 60,000. Zama ambazo Atlantiki ya Kaskazini ilijaa barafu na kupoa, huku kwetu mvua ilipungua. Kiungo, kwa maoni yao, kilikuwa Bahari ya Hindi: joto la maji yake na pepo za kaskazi. Na jinsi barafu inavyogusa pepo inaeleweka. Barafu nyeupe hurudisha miale ya jua angani. Ikitoweka, maji meusi hunyonya joto, na tofauti ya joto kati ya ncha na ikweta, ambayo ndiyo husukuma pepo, hubadilika. Mimi naona ajabu kubwa kwamba habari za barafu ya kaskazini zimeandikwa katika tope letu.

Dai la tatu ndilo linaloniuma: basi kila mafuriko yametokana na barafu. Ziwa lilipanda sana mwaka 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961, na wakati huo barafu ya Aktiki ilikuwa nyingi kuliko leo. Mwishoni mwa 2019, na tena 2023, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko ya mashariki, mvua ikamiminika Afrika Mashariki. Mara ya pili El Niño nayo ilikuwapo. Kama barafu ina mkono katika mvua ya msimu mmoja, wanasayansi bado wanabishana.

Na si kila mafuriko hutoka ziwani. Februari 2014, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, jirani zetu. Maji yalishuka kutoka vilimani. Anayeitupia barafu lawama hiyo anawasahaulisha watu miti iliyokatwa huko juu, nyumba zilizosogezwa hadi ukingoni mwa mto Ntahangwa, na mitaro iliyoziba mbele ya milango yetu.