Muacheni Mama na Robo Kilo Yake

Kuna ushauri unaozunguka siku hizi, kwenye semina na kwenye simu: kama unawapenda wajukuu wako, punguza nyama ya ng'ombe, kula kuku au samaki. Sina ugomvi na hesabu yake. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vinavyochachua majani na kutoa methani, na gesi hiyo hutoka zaidi kwa mdomo anapocheua, si kule nyuma mnakokuchekea. Kwa kipindi cha miaka 100, methani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mwaka wa 2013 shirika la FAO lilikadiria kwamba kilo moja ya protini ya nyama ya ng'ombe hubeba karibu kilo 300 za gesi hizi zikipimwa kwa hewa ukaa. Ya kuku, chini ya 100. Hapo hatubishani.

Ninachobisha ni nani anaambiwa. Hapa Nyamarambe, mama anayesimama kwenye dirisha la bucha Jumapili na kuitisha robo kilo ya watu sita, tena akiomba aongezewe mfupa wa supu, apunguze nini? Siku zingine nyumba yake inakula ugali kwa chinsaga, au maharagwe, au omena ikipatikana. Mmarekani wa kawaida hupata zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka. Barua iliyoandikiwa yule, mbona imeletwa kwa huyu?

Halafu hao wanaotushauri hawakutuuliza tunasali wapi. Wanasema, kama si kuku basi nguruwe, sungura, kambare. Sawa, hao wote hawana tumbo la ng'ombe. Lakini Gusii imejaa Wasabato. Nguruwe, hapana. Sungura amekataliwa na Mambo ya Walawi sura ya 11. Kambare hana magamba, kwa hivyo naye yuko nje. Wakatoliki wa upande wa Tabaka pengine watakusikiliza. Wengine wetu tumebaki na kuku, ngege na omena. Wapo wanaokimbilia mbuzi wakidhani udogo wake ni unafuu, lakini mbuzi naye hucheua. Na kuku wa broila ana deni lake: kwenye chakula chake husagwa omena ya Ziwa Victoria, ileile ambayo mtoto angekula na ugali.

Wala siwaungi mkono wenzangu wanaojitetea kwamba ng'ombe wetu hula majani tu kwa hivyo hana hatia. Fahali wa kienyeji anayeletwa huku kutoka Transmara amekua polepole, ametembea miaka mingi akitafuta nyasi, na kila siku ya miaka hiyo amecheua. Kilo moja ya nyama yake inaweza kuwa na gesi nyingi kuliko ya ng'ombe wa Ulaya aliyenenepeshwa haraka. Ukweli huo unatuuma, lakini ndio ukweli.

Sasa basi, kama kuna nyama ya kupunguza Nyamarambe, tuitafute inakoliwa kwa wingi. Iko matangani. Iko kwenye harambee ya mheshimiwa na kwenye karamu za mahari. Mtu amekufa, kundi la WhatsApp limefunguliwa, michango ya M-Pesa inaingia, na kabla jeneza halijalipiwa, kamati imeshakubaliana kuhusu fahali. Wawili, kama marehemu alikuwa mwalimu mkuu. Watatu, kama kuna mwanasiasa anakuja na msafara wake. Nyama inaisha kabla ya maombi ya mwisho, na wiki inayofuata familia inauza ng'ombe wa maziwa kulipa deni la hema na viti. Huyo ng'ombe wa maziwa ndiye aliyekuwa akilipa karo!

Ng'ombe huyo sitaki mtu amguse. Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba kwenye sensa ya 2019. Shamba la wengi limebaki kama kitambaa cha meza, na ng'ombe mmoja anafungiwa bomani, analetewa napia kwa kichwa, anatoa maziwa asubuhi na mbolea ya migomba. Yeye na fahali wa matanga si jambo moja, na semina inayowaweka kwenye safu moja ya jedwali haijui ng'ombe ni nini hapa. Mwaka wa 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, Waingereza walituadhibu kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe kwa maelfu. Walijua wanachukua nini.

Najua wazee watasema nini. Kilio bila fahali ni aibu, wageni wataenda wakisema. Lakini wageni haohao hula wali na maharagwe kwenye mikutano ya makanisa siku nzima, na sijasikia mmoja akilalamika. Kuku ishirini wa kienyeji, mchuzi wa ngege, ndizi, na chungu kikubwa cha chinsaga vinalisha boma. Pesa zingine zibaki kwa mjane.

Wasabato wangeanza. Mafundisho yao ya afya yamekuwa yakiwahimiza kupunguza nyama tangu karne ya 19, na wachungaji wao hushika kipaza sauti kwenye matanga yetu kila wiki. Mchungaji akilisema hili mbele ya kamati, siku ya kupanga mazishi, kabla mheshimiwa hajaahidi fahali wake, atasikilizwa kuliko semina kumi za Kisii mjini.