Kabla ya mwekezaji, tafuta mtu wa kukulipa mia tano

Kama una laptopu, bando na wazo la apu, hii ni yako. Na kama umeshaanza kumbembeleza mzazi akuchukulie mkopo kwa sacco ndiyo uanzishe startapu, basi isome leo kabla hajatia sahihi.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanauchumi. Chuo niliachia njiani, na mengi ninayoyajua kuhusu biashara za mtandaoni nimeyapata kwa kufuatilia kampuni zetu za hapa Nairobi zikipanda na zikishuka. Miaka hii ya karibuni zimeshuka vibaya, na ukiangalia vizuri, nyingi zimeanguka kwa njia inayofanana.

Chukua Copia. Ilianza 2013 na wazo lake lilikuwa tamu. Mtu wa mashambani anaagiza bidhaa kupitia ajenti wa pale kwao, pengine mwenye duka, kisha mzigo unaletwa hapo hapo. Wawekezaji waliipenda, wakaimwagia zaidi ya dola milioni 100. Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizolemewa na madeni, na wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakapewa notisi kwamba kazi huenda ikaisha. Hao wote hawakuwa watu wa kuandika kodi kwenye laptopu. Kampuni ya kubeba mizigo ina madereva, ina watu wa stoo, na hao ndio hukosa kodi ya nyumba mwezi huo huo.

Kune nayo ilikuwa ya chakula. Mfaransa mmoja, Robin Reecht, alikuja Nairobi akaona mlo mzuri wa bei nafuu ni shida kupata. (Wakenya kwenye mitandao walimuuliza kama amewahi kuingia kibanda, lakini hayo tuyaache.) Mwaka 2021 alipata dola milioni 1. Juni 2022 akafunga. Mwenyewe alieleza kwamba bei ya dola 3 kwa mlo haikutosha, gharama ya vyakula ilikuwa imepanda, na duru iliyofuata ya pesa za wawekezaji haikupatikana.

Halafu kuna MarketForce ya Tesh Mbaabu na Mesongo Sibuti, vijana wa hapa hapa. Apu yao ya RejaReja ilimwezesha mwenye duka kuagiza unga, sabuni na mafuta kwa simu. Februari 2022 walitangaza dola milioni 40. Mwaka 2024 RejaReja ikafungwa. Faida kwa kila bidhaa ilikuwa nyembamba sana, na washindani nao walikuwa wanapunguziana bei ili wanyang'anyane wenye maduka.

Sasa utauliza, mbona hizi pesa zilikuwa nyingi 2021 na zikapotea ghafla? Jibu haliko Westlands wala Kilimani. Mpaka mapema 2022, riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu sufuri. Tajiri akiweka pesa mahali salama hapati kitu, kwa hivyo aliona heri azirushe kwa kampuni changa za Nairobi, Lagos na Cairo, pengine moja italipa. Kufikia Julai 2023 riba hiyo ilikuwa imepita asilimia 5. Tajiri yule yule akawa anapata faida akiwa amekaa kwake. Kampuni zilizokuwa zimezoea kuishi kwa duru ijayo ya wawekezaji zikajipata duru ijayo haiji.

Ndiyo maana nakereka nikiona mashindano ya vijana ambapo mshindi ni yule anayejua kujipigia debe dakika tano mbele ya majaji. Hakuna jaji anayeuliza, "Jana nani alikulipa, na ulibaki na ngapi?" Na hilo swali ndilo lingemsaidia huyo kijana.

Hebu tulijibu pamoja. Tuseme unauza mboga mtandaoni huko Rongai. Mteja anaagiza za shilingi 600, na analipa 100 za kuletewa. Mkononi una 700. Mboga umenunua kwa 450. Mtu wa boda anataka 150, kwa hivyo hapo umemwongezea 50 za mfuko wako. Karatasi za kufungia ni 15. Nyanya zilizopondeka na sukuma iliyonyauka, weka 25 kwa kila oda. Jumla 640. Umebaki na 60.

Si mbaya, sivyo? Lakini umetangaza kwamba mteja mpya anapewa punguzo la 100. Kwa hivyo oda yake ya kwanza imekula 40 zako. Tena ulilipia matangazo ya Instagram ngiri tatu na ukapata wateja 20, yaani kila mmoja amekugharimu 150. Piga hesabu uone: huyo mteja lazima aagize mara tano ndipo arudishe ulichotumia kumpata. Je, ataagiza mara tano? Ama akishakula punguzo atarudi kwa mama mboga wa pale stegini, ambaye hamtozi shilingi ya boda na humkatia sukuma bure?

Kama hujui jibu, wateja wengi hawatakuokoa. Ukipoteza 40 kwa oda na una oda kumi, umepoteza mia nne. Ukiwa na oda elfu moja, ni elfu arobaini. Kampuni kubwa huziba hilo shimo kwa pesa za wawekezaji. Wewe utaliziba kwa pesa za sacco ya mamako.

Linganisha na M-Kopa, ambayo pia ilianzia hapa Nairobi, mwaka mmoja hivi kabla ya Copia. Waliuza taa za sola kwa watu ambao hawakuwa na stima. Mteja alitoa kianzio, kisha akalipa kama shilingi 50 kwa siku kupitia M-Pesa, na asipolipa mtambo unajizima. Siku hizi wanauza simu kwa mtindo huo huo. Sisemi hawakuchukua pesa za wawekezaji, walichukua nyingi tu. Ila tangu mwanzo walikuwa na kitu ambacho mtu wa kipato cha chini yuko tayari kukilipia kila siku, kwa sababu taa hiyo ilichukua nafasi ya mafuta taa aliyokuwa akinunua tayari. M-Pesa yenyewe tangu 2007 inakata ada ukituma pesa. Tunalia kila siku kuhusu hizo ada, lakini tunatuma.

Kwa hivyo usianze na apu. Aki, usianze na apu. Anza na WhatsApp Business na nambari ya tili. Weka bei kwenye stetasi, pokea oda kwa mkono, andika kila kitu kwenye daftari au jedwali la kompyuta. Fanya hivyo mpaka ushindwe kwa sababu oda ni nyingi mno. Hapo ndipo kompyuta ina kazi ya kukufanyia, na utajua ni kazi gani. Safaricom wana jukwaa linaloitwa Daraja, ambapo unaunganisha tovuti yako na M-Pesa ili mteja aone ujumbe wa kuweka PIN kwenye simu yake. Unaweza kujaribia humo na pesa za uongo mpaka uelewe. Mtengeneza programu akikwambia lazima umlipe laki mbili kabla hujauza hata kitu kimoja, mwambie utampigia.

Tesh na mwenzake, baada ya RejaReja, walihamia Chpter, inayosaidia wafanyabiashara kuuza kupitia mitandao ya kijamii. Wenye kuuza walikuwa huko tayari. Hilo linakuambia kitu.

Najua kuna msomaji ananiambia hayo ni ya kale, siku hizi ni akili unde. Sawa. Kila mtu anajenga kitu kinachojibu maswali: cha wakulima, cha wanafunzi wa sekondari, cha kuandika barua za kuomba kazi. Ubaya wake ni kwamba kila mteja wako akiuliza swali, kampuni ya Marekani inakutoza, na inakutoza kwa dola. Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi 130 hivi. Kama ulimtoza mwanafunzi mia mbili kwa mwezi aulize apendavyo, faida yako ilitegemea Benki Kuu kuliko bidii yako. Weka kikomo cha maswali, au toza kwa swali. Na kitu cha bure kiwe kidogo sana.

Kuna mambo mawili ambayo vijana huyapuuza mpaka yawachome. La kwanza ni rafiki mnayeanza naye. Andikeni karatasi mkiwa bado mnacheka pamoja: nani ana asilimia ngapi, na akiondoka baada ya miezi mitatu anaondoka na nini. Mgawanyo wa nusu kwa nusu wa mdomo umeua biashara nyingi kuliko ukosefu wa pesa, kwa maoni yangu.

La pili ni data za watu. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na si mapambo. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga faini ukumbi wa burudani wa Casa Vera shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa. Shule moja ilitozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilikaribia milioni 3. Wewe unapakia picha ya mteja akitabasamu na mzigo wake, umemuuliza? Zile nambari za simu za wateja umezihifadhi wapi, na nani mwingine ameziona? Hata ukiwa mdogo kiasi cha kusamehewa usajili, sheria yenyewe bado inakuhusu.

Ushuru pia upo. Ukianza kuuza zaidi ya milioni moja kwa mwaka na hujapita milioni 25, KRA inataka asilimia 3 ya mauzo. Nimesema mauzo, si faida. Rudi kwenye ile oda ya 700: hapo 21 zimeondoka, na zile 60 zako zimekuwa 39. Kwa hivyo ukikaa leo jioni kupanga bei, weka hizo 21 ndani kabla hujamwambia mtu wa boda utampa ngapi.