Kusinzia si kutulia
KIBARAZANI, na Da Zuhura

Jumatano jioni jirani yangu wa ukuta mmoja, yule mnayemjua kwa chapati zake, alinigongea dirisha kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu mwanawe aanze shule. "Da Zuhura, njoo umwone, leo ametulia!" Nikaenda. Mtoto wa miaka minane, ambaye saa hizo huwa juu ya mpera, alikuwa amelala sebuleni kinywa wazi, inzi wanamtembea usoni. Nikamtikisa bega. Akafungua jicho moja, akalifumba.

Mezani kulikuwa na kikopo cha unga wa kahawia, hakina hata herufi moja. Ameuziwa elfu kumi na tano stendi ya Mbagala: kijiko cha chai kwenye uji, asubuhi na jioni.

Hasira iliyonipanda haijashuka mpaka leo. Kusinzia si kutulia! Mtoto aliyeduwazwa hajatibiwa.

Alhamisi nikaenda stendi mwenyewe. Kipaza sauti kinapiga kelele: unga uleule unatibu ngiri, bawasiri, chango na watoto watundu. Nikamuuliza muuzaji mna nini ndani yake. "Mizizi tupu mama yangu, haina kemikali." Mwarobaini nao ni mti tu, ninao uani kwangu, lakini mafuta yake yamewahi kuwatia watoto wachanga degedege na wengine wakafa. Nikauliza namba ya usajili. Tangu 2002 tuna sheria ya tiba asili, na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Akanionyesha mzizi.

Wanaosema dawa za miti hazijapewa nafasi wajue zimepewa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya watoto 54 wenye tatizo hili la kutotulia. Kwa wiki 8 nusu walimeza mmea uitwao St John's wort, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopewa mmea hawakuwashinda wenzao kwa lolote. Na huo mmea ulikuwa umepimwa kwa miligramu, si kwa kijiko cha uji.

Ninachojua, jirani yangu hakununua dawa, alinunua nafuu ya aibu. Ameitwa shuleni mara tatu muhula huu kuambiwa mwanawe ana kichwa kibovu, na anayesema hivyo ni mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasa moja, huyu kamweka nyuma kabisa. Nani amempima masikio? Nani amempima macho? Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili, hakuna aliyemtajia.

Jana alikuja kukopa. Muuzaji kamwambia dozi kamili ni vikopo vitatu. Nimempa nauli ya hospitali, na kesho tunakwenda wote.

Pale stendi nilimuuliza yule muuzaji kama wanawe huwapa unga huo. Akaongeza sauti ya kipaza.