Kompyuta ya Gari Inakuficha Mzigo

Leo naweka kando programu za simu nizungumzie Toyota Land Cruiser 100, ile iliyotoka mwaka 1998, na hasa zile zenye mfumo wa AHC: unabonyeza kitufe, gari linapanda au linashuka. Kuna kompyuta ndani, kwa hivyo hatujatoka kwenye mada zetu.

Msimamo wangu ni huu: ukiongeza vifaa kwenye gari hili, usiing'oe AHC na usiidanganye. Ongeza nguvu ya chuma, mafuta yabaki na kazi yake.

Chuma kipi? Mbele gari linabebwa na fito za tosheni, yaani vyuma virefu vinavyobeba uzito kwa kujipinda. Nyuma kuna springi. Lakini chuma hakibebi uzito wote. Sehemu nyingine inabebwa na mafuta yaliyoshindiliwa kwenye silinda nne, na kila silinda ina tufe lake lenye gesi ya nitrojeni. Mafuta hayabonyei, gesi ndiyo inayobonyea. Ule ulaini wa AHC unatoka hapo.

Sasa funga bampa ya chuma, winchi, betri ya pili, keria na hema la juu, kisha tanki la ziada la lita 100 (dizeli peke yake hapo ni kilo 84 hivi). Gari la kawaida lingelala nyuma na ungeona. Hili halilali. Sensa zake tatu, mbili mbele na moja nyuma, zinapima urefu tu. Kompyuta ikiona gari limeshuka inaamuru pampu isukume mafuta, na gari linarudi palepale. Ni kama seva inayojibu kila ombi huku memori ikikaribia kujaa. Kurasa zinafunguka, basi hakuna anayetazama logi.

Kinachopanda kimyakimya ni presha. Mbele inatakiwa iwe karibu 6.9 MPa gari likiwa kwenye urefu wa kawaida. Tuseme imefika 8.3, yaani nyongeza ya asilimia 20. Gesi inapoteza sehemu moja kati ya sita ya nafasi yake, na ugumu wake unapanda kama asilimia 44, kwa sababu ugumu huo unakua kwa mraba wa presha. Gari lililokuwa likiteleza kwenye barabara ya vumbi linaanza kugonga kama matatu kuukuu. Fundi anatangaza kwamba AHC imekufa, anaing'oa yote, na mwenye gari analipia kuondolewa kitu ambacho pengine kilikuwa kizima. Hilo linaniudhi kweli. Wengine wanasogeza sensa ili gari likae juu zaidi. Hao wanaongeza tatizo, maana springi ikinyooka inabeba uzito mdogo zaidi na presha inazidi.

Pima kwanza. Vile vifaa vya OBD vya bei rahisi mara nyingi husoma injini pekee. Tafuta programu inayosoma AHC yenyewe, kama Techstream ya Toyota. Presha ya mbele ikiwa juu, fundi akaze boliti za fito za tosheni. Hapa watu huchanganyikiwa: kwenye gari la kawaida kukaza kunainua pua. Kwenye hili urefu haubadiliki, kwa sababu kompyuta inarudisha mafuta kwenye chupa yake. Presha ndiyo inayoshuka, na hicho ndicho ulichokuwa unakitaka.

Nyuma weka springi nzito kidogo zilizotengenezwa kwa ajili ya AHC. King Springs ya Australia wanazo. Usichukue tu springi ya Land Cruiser isiyo na AHC. Hiyo iliundwa kubeba uzito wote peke yake, na mafuta yatabaki bila presha ya kufanyia kazi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Uzito usiotoka garini upewe chuma. Uzito unaokuja na kuondoka, yaani abiria, mitungi ya maji na mizigo ya safari, upewe mafuta. Kwa hivyo pima bampa ikiwa imefungwa na watu wakiwa wameshuka.

Presha ikishakaa sawa, angalia matufe. Pandisha gari hadi juu kabisa, soma alama kwenye chupa ya mafuta, kisha lishushe hadi chini usome tena. Matufe mapya hutoa tofauti ya alama 14 hivi. Ukipata 7 au chini yake, yamechoka, na hapo ndipo pesa zitumike.

Lakini springi mpya haibadilishi uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda. Breki na ekseli ni zilezile. Na kama una Land Rover Discovery 3 yenye mifuko ya hewa, ushauri huu wa chuma haukuhusu: hewa ndiyo inayobeba kila kitu, hakuna springi ya kuisaidia, kwa hivyo wewe anza kwa kupunguza vifaa.