Sumukuvu Haifi kwa Moto wa Jikoni

Makala moja inadai sumukuvu ni tatizo la ghala tu: mkulima akaushe mahindi, achambue punje zilizooza, ugali uive vizuri, basi.

Si basi. Kuvu aina ya Aspergillus flavus, inayotengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini, huishi udongoni. Spora zake hupeperuka hadi kwenye ndevu za hindi likingali shambani, hasa wakati wa ukame na joto, na wadudu wanaotoboa punje huzifungulia njia. Ghala lenye unyevu huzidisha maambukizi yaliyokwisha kuanza.

Kuchambua husaidia, ila sumu yenyewe haina rangi, harufu wala ladha. Punje nzuri machoni huweza kuibeba.

Hoja ya kupika ndiyo mbovu kuliko zote, tena ya hatari. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Aflatoksini huvumilia zaidi ya 200. Sufuria gani ya ugali hufika huko? Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hii. Hao nao walikuwa na majiko.

Kinga huanzia shambani: Aflasafe, kuvu ya jamii hiyohiyo isiyotengeneza sumu, humwagwa wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua.