DAWA YA MOTO NI MOTO

Wahenga walituachia neno kwamba dawa ya moto ni moto. Tumezoea kulitumia neno hilo katika ugomvi na katika siasa. Leo twalitumia katika habari ya maradhi, kwa maana wataalamu wamefika mahali ambapo virusi, adui yule yule anayetuletea surua na mafua, anafunzwa kazi ya kuiua saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa.

Wako watakaotuuliza: jambo hili lamhusu nini mchumaji wa chai wa Katumba, au mkulima wa ndizi na viazi wa Kiwira? Twajibu kwamba lamhusu sana, na tutaeleza kwa nini. Lakini kwanza yafaa tulifahamu jambo lenyewe.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Hapana budi kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai, kijizidishe humo, kisha kiipasue na kutoka kwenda kushambulia nyingine. Seli nzima ina ulinzi wa kumzuia mgeni huyo. Seli ya saratani, kwa kuwa imeasi utaratibu wa mwili, mara nyingi imeupoteza ulinzi huo. Hapo ndipo wataalamu walipopata mlango. Huchukua kirusi, wakaondoa jeni zinazokiwezesha kudhuru seli nzima, na pengine wakaongeza jeni ya kuwaita askari wa mwili waje vitani. China iliruhusu dawa ya namna hii mwaka 2005. Marekani iliruhusu yake Oktoba 2015, iliyotengenezwa kwa kirusi cha malengelenge, kwa ajili ya saratani ya ngozi. Japani ilifuata mwaka 2021 kwa uvimbe wa ubongo.

Wala tusidanganyane. Dawa ile ya Marekani ilijaribiwa kwa wagonjwa 436. Katika kila 100 waliopewa, wapatao 16 ndio ambao uvimbe wao ulipungua sana au kutoweka, na hali hiyo ikadumu miezi sita au zaidi. Miongoni mwa waliopewa dawa ya kulinganishia walikuwa 2 tu katika 100. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini si muujiza. Mtu akija kijijini akisema ana chupa ya kuponya kila saratani, huyo ni mwongo, na yafaa aambiwe hivyo mbele ya watu.

Sasa twauliza: elimu hii ilianzia wapi? Wengi watajibu Ulaya au Marekani. Hawakukosea kabisa, lakini sehemu kubwa ya habari hii iliandikwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki, juu ya vitanda vya watoto wetu.

Mwaka 1958, daktari wa upasuaji wa Kampala, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alitangaza habari za uvimbe wa ajabu uliokuwa ukivimbisha taya za watoto na kuwaua upesi. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojipatia uhuru wake, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri maili zipatazo 10,000 kwa muda wa wiki kumi, kutoka Kampala kushuka mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika hospitali zaidi ya hamsini kama ugonjwa ule wapatikana. Walikuta kwamba haupatikani katika nyanda za juu zenye baridi, bali hushika nchi za joto na mvua, ambako malaria haiondoki. Mtu wa Rungwe hahitaji ramani ili kulielewa jambo hilo. Ashuke tu kutoka Tukuyu, penye mvua na baridi, aende mpaka joto la Kyela kando ya Ziwa Nyasa, naye atakuwa ametoka katika nchi ya namna moja na kuingia katika nchi ya namna nyingine kwa safari ya siku moja.

Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliona ndani yake kirusi kipya. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na sehemu katika saratani ya binadamu. Basi ikadhihirika kwamba virusi vyaweza kuleta saratani.

Lakini Kampala ilikuwa bado na neno la pili. Mwaka 1967 palifunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1971 madaktari wa hapo, Avrum Bluming na John Ziegler, walitoa habari ya mtoto wa kiume wa miaka minane aliyekuwa na uvimbe nyuma ya jicho. Kabla hajapewa dawa yoyote ya saratani, alishikwa na surua. Vipele vilipotoka, uvimbe ukaanza kunywea, mpaka ukatoweka bila ya kisu wala dawa. Habari ya mtoto huyo wataalamu huitaja mpaka leo waelezapo asili ya tiba hii. Mwaka 2014, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, kirusi cha surua kilichodhoofishwa, cha jamii ile itumiwayo katika chanjo, kilibadilishwa jeni na kutiwa katika damu ya wagonjwa wawili wa saratani ya uboho. Mmoja wao aliondokewa na dalili zote kwa muda wa miezi kadhaa.

Hapa twatoa onyo. Surua yenyewe ni muuaji wa watoto. Mzazi asije akasoma maneno haya akamnyima mwanawe chanjo.

Basi yatazameni mambo yalivyo. Mtoto alikuwa wetu, na kitanda kilikuwa chetu. Lakini dawa ya Marekani ilipotoka mwaka 2015, wenye kuitengeneza walikadiria gharama ya mgonjwa mmoja kuwa dola 65,000. Mchumaji wa chai hawezi kuzipata fedha hizo hata akichuma maisha yake yote. Hatusemi wataalamu wa Ulaya na Marekani wametuibia. Walifanya kazi, nao wamestahili sifa. Twasema kwamba nchi inayotoa wagonjwa na damu tu, bila ya kutoa wataalamu, itabaki mnunuzi milele, na mnunuzi maskini hurudi nyumbani mikono mitupu.

Wala si kweli kwamba hatuwezi. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Amin, wageni walipoondoka Kampala, taasisi ile haikufungwa. Mganda Charles Olweny aliishika, kazi ikaendelea. Nasi hapa Tukuyu tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kituo hicho ni mali ya wananchi. Yapasa kipewe fedha, vyombo na vijana wa Rungwe waliosoma sayansi, na kila utafiti uletwao na wageni uwe na mtaalamu wetu mezani, si mlangoni.

Serikali ina wajibu wake, nasi wanachama tunao wetu. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii ni ya mlango wa kizazi, nayo huletwa na kirusi. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 dozi moja ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Haihitaji dola 65,000, wala safari ya kilometa zaidi ya 800 kwenda Ocean Road. Yahitaji mzazi asiyesikiliza uvumi kwamba chanjo hufunga kizazi. Balozi wa shina ambaye hajui wasichana wangapi wa nyumba zake wamechanjwa, bado hajaimaliza kazi yake.

Kadhalika, mwenye uvimbe asiufiche. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na hapo hata dawa bora ya dunia haina la kufanya. Nao waganga wa hospitali na zahanati zetu waandike kwa uangalifu kila wanachokiona. Ulimwengu uliijua habari ya mtoto wa Kampala kwa sababu moja tu: palikuwa na mtu aliyetazama, akaandika.

Siku moja tiba hii ya virusi itafika Rungwe. Twataka itukute tuna wataalamu wa kuipima na kuitengeneza wenyewe, tena tuna wasichana waliokingwa wasiihitaji kabisa. Kazi hiyo yaanza sasa.